Ngozi kwa Ngozi

Jumatano, tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi. Anga la Sumbawanga lilikuwa safi, na upepo wa baridi ulikuwa ukitikisa mabati ya wodi ya watoto njiti. Loth alikuwa ameketi kitandani, vifungo vyote vya shati vimefunguliwa, blanketi mabegani. Kifuani pake, chini ya kitenge kilichokazwa, alilala mtoto wa kike asiyezidi uzito wa kuku.

Hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa. Mama wa mtoto, Minza, alijifungua kabla ya wakati, akapoteza damu nyingi, na saa ileile akapelekwa Mbeya kwa gari la wagonjwa. Mtoto alibaki. Alihitaji joto la ngozi ya mtu, mchana na usiku, mpaka afikishe gramu elfu moja na mia nane.

Wodi ilikuwa ya akina mama, kwa hiyo kitanda cha Loth kilitengwa kwa pazia. Ndugu za wengine walipoleta uji wa ulezi, naye alijaziwa kikombe. Hakuwa na mtu wa kumletea chochote.

"Shikamoo, baba," alisema Jenifa, mama wa kitanda cha jirani, kutoka ng'ambo ya pazia. "Mmeamkaje?"

"Marahaba. Tumeamka salama. Amepiga chafya mara mbili tu."

"Mume wangu akimshika wetu dakika tano, mgongo unamuuma. Nitamleta umfundishe."

Nesi Evodia aliingia na mzani. "Mfipa kaoa kwa Wasukuma!" alisema, kama alivyosema kila asubuhi. "Mahari ulipeleka ng'ombe wangapi, Baba Mtoto? Au uliwapimia ulezi?"

"Sina hata mkia wa ng'ombe."

Wanawake walicheka nyuma ya pazia.

"Na kwa umri huo!" Evodia aliongeza.

"Mungu hana haraka, binti yangu."

"Jina mmeshachagua?"

"Mama yake atampa."

Evodia alimshika Loth kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. "Siku ya kwanza moyo wako ulikuwa unakimbia kama umeiba. Sasa umetulia. Unajua kwa nini? Ngozi ikikaa juu ya ngozi namna hii, mwili hutoa homoni iitwayo oksitosini. Ni ileile tunayomchoma mama akishajifungua. Wanaume pia wanayo. Hupunguza hofu, na hufanya mguso wa mtu mmoja uwe mtamu kuliko wa watu wote. Mtoto anaipata, nawe unaipata. Mnaleana."

Loth alilifikiri jambo hilo. Yeye alikuwa mtu wa kupewa mkono mara moja kwa wiki, kanisani, wakati wa kutakiana amani. Hata hapo, watu waliushika mkono wake na kuuachia, macho yao tayari yako kwa mtu anayefuata. Mtoto alipowekwa kifuani pake mara ya kwanza, nusura amrudishe. Ngozi yake ilikuwa imesahau. Siku ya tatu, vidole vyembamba kama mabua ya nyasi vilikamata nywele za kifua chake na kukataa kuziachia. Loth aligeukia ukutani ili wanawake wasimsikie akilia.

"Na mtoto akiondolewa," aliuliza, "hiyo homoni inakwisha?"

"Aondolewe aende wapi?" Evodia alicheka. "Si mnakwenda naye nyumbani?"

Akamchukua mtoto na kumlaza kwenye mzani. Loth alizitazama namba zikipanda na kushuka. Kila asubuhi alikuwa ameziombea zipande. Asubuhi hii aliziombea zisifike.

"Elfu moja mia nane na ishirini!"

Jenifa alipiga vigelegele, wodi nzima ikamwitikia.

"Na Mama Mtoto ameruhusiwa," Evodia alisema. "Amelala Tunduma, gari lake linaingia sasa hivi. Niliwapigia simu wenzetu wa Mbeya. Nikasema mwambieni asiwe na wasiwasi, mumewe amembeba mtoto tangu siku ya kwanza. Wanasema alilia kwa furaha."

Loth alimrudisha mtoto kifuani, akakaza kitenge, akaweka kiganja juu ya mgongo wake. Kiganja kiliufunika mgongo wote.

Saa nne kasoro robo Minza aliingia. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, akitembea kwa kushika ukuta, na alikuwa akitabasamu. Evodia alilivuta pazia kwa mbwembwe.

Minza alimtazama mtoto. Alimtazama Loth. Akachungulia nyuma ya pazia, kisha akageuka kuutazama mlango.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Masanja yuko wapi?"

Masanja, mume wa Minza, alikuwa akichunga ng'ombe bondeni tangu kabla mtoto hajazaliwa, mahali pasipo na mtandao wa simu. Habari kwamba ana binti zilimfikia Ijumaa, siku mbili baadaye. Evodia alifungua jalada la mtoto na kutafuta jina la baba, akakuta yeye mwenyewe alikuwa ameandika tu, "Yupo." Minza alimpokea mwanawe, akamfunga kifuani. Mtoto alilia kidogo, kisha akatulia. Loth alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akakunja blanketi, akarudi kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Hapo ndipo alipokuwa ameketi siku ile mtoto alipozaliwa, akisubiri kupimwa presha, wakati nesi alipotokea mlangoni na kichanga mikononi, akaita mara tatu, "Baba wa mtoto huyu yuko wapi?" na hakuna mwingine aliyesimama.