Bakuli Lililorudi Tupu

Sikudhani alishtakiwa kuiba cherehani ya jirani. Shahidi, Bi Tunu, hakusema lolote kuhusu cherehani. Alibwaga bakuli mezani kwa hakimu.

"Mheshimiwa, nilimpelekea futari, akanirudishia bakuli tupu! Mtu kama huyu ataacha kuiba?"

"Bakuli na cherehani wapi na wapi?" Sikudhani alifoka. "Siku ile sikuwa na hata chumvi ya kukurudishia!"

"Basi umekiri mwenyewe," hakimu alisema. "Miaka miwili."

Askari alimfunga pingu taratibu, asimuumize. Bibi mmoja aliinuka kutoka benchi la nyuma, akatia andazi lake bakulini.

"Haya, Tunu, si tupu tena. Mwachieni mtoto wa watu."

"Ondoeni hilo andazi!" hakimu alipiga kelele.

Askari aliangalia pembeni. Hakuna aliyeligusa.