Mlango Unaosikiliza Baba Yetu

Siku hizi mlango wa nyumba haufunguki mpaka useme Baba Yetu kwa moyo, na humpitisha aliyesali tu. Mimi natoka kila siku bila shida, maana ni mtu wa utani, kinyongo sina. Mke wangu Apolinaria hajatoka tangu Jumatano ya Majivu.

Leo ni Pasaka. Binti yetu Gaudensia anapokea komunyo ya kwanza, ametangulia kanisani na shangazi yake. Kengele ya pili imeshalia.

"Haya Mama Gau, jaribu tena."

Akashika kitasa. "Utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea..."

"Rudia kuanzia 'utusamehe'," mlango ukamkatiza, kwa sauti ile ya katekista.

Nikacheka. "Nani kakukosea hivyo? Yule wa kwaya aliyekupora solo?"

"Nilishamsamehe."

"Dada yangu?"

"Naye pia."

Nikataja mtaa mzima, yeye anatikisa kichwa tu. Majina yakaisha, nikabaki mimi.

"Nilifanya nini, Poli?"

"Hata hukumbuki."

"Basi niambie, nikuombe msamaha."

"Uliomba. Ulikuwa unacheka."

Kengele ya tatu ikalia. Akaniwekea vizuri kola ya shati. "Nenda, Baba Gau. Mtoto asipokee bila mzazi."

Nikasali polepole, kila neno, nikiomba mlango unikatalie hata mara moja. Ukafunguka kabla sijafika Amina.