Mahojiano Mbele ya Beseni la Vitunguu

"Vua hiyo saa," mkunga alimwambia kaka yake.

"Saa ina kosa gani?"

"Inang'aa. Kwenye mambo ya misaada watu wanakukagua kwanza, maneno baadaye. Vua."

Kaka mtu, muuza matairi, akaivua, akaitia mfukoni huku akinung'unika. Gari walikuwa wameshaliacha kule kituo cha mafuta, wakaja kwa miguu mpaka viatu vikabadilika rangi. Hilo nalo lilikuwa wazo la mdogo wake. Tangu wakataliwe mara ya pili, mkunga alikuwa hakosi mawazo.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa la kaka. Alizungumza kama yuko mnadani, akaisifia kazi ya marehemu mama yao mpaka jasho likamtoka. Akaambiwa asante, tutawapigia. Simu haijalia mpaka leo. Mara ya pili walipeleka andiko nene, la rangi, lenye picha ya marehemu kwenye jalada. Hawakujibiwa hata kwa kikohozi.

Hii ilikuwa ya tatu, na nyuma yake alikuwapo mjomba. Taasisi aliyoiacha mama yao ilikuwa ndogo: wao wawili, mhuri, na jengo la vyumba vinne. Wosia ulikuwa mfupi zaidi: kazi yangu isife. Lakini msimamizi wa mirathi alikuwa mjomba, na mjomba alishatamka. Wakikosa na safari hii, basi kazi hiyo haina anayeihitaji, anaifunga, na jengo linageuka baa. Alikuwa ameshaleta fundi kupima kaunta.

"Ukiulizwa, jibu kwa ufupi," mkunga alimwonya walipofika mlangoni. "Usiwafundishe kazi yao."

"Mimi huwa namfundisha nani?"

"Wewe? Humfundisha hata kinyozi, wembe ukiwa shingoni mwako."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja tu. Meza, benchi, kabati lililogoma kufungika, na katikati ya sakafu beseni kubwa la vitunguu. Kina mama watatu walikuwa wamelizunguka, wanamenya, visu havipumziki. Mnene wa katikati alijitambulisha kuwa mwenyekiti. Mwenye miwani alikuwa mhazini. Wa tatu, bibi mkongwe, hakutambulishwa, na ndiye aliyeonekana kuogopwa.

"Shikamooni."

"Marahaba, karibuni. Tusameheni, tutaongea huku tunamenya. Kazi haingoji wageni."

Benchi liliyumba walipokaa. Haukupita muda, mkunga akaanza kufuta machozi. Kaka yake akamkanyaga mguu.

"Mapema yote hii?" alinong'ona. "Hata hawajatuuliza kitu."

"Vitunguu, wewe!"

"Barua yenu tumeisoma," mwenyekiti alisema. "Lakini karatasi haina haya, inapokea lolote. Tuambieni kwa mdomo."

Mkunga akaeleza. Mama yao aliianza kazi hii peke yake, bila ofisi, bila hata huo mhuri. Aliifanya kimyakimya mpaka wiki aliyofariki. Wao wanataka kuiendeleza tu, basi.

"Mmewahi kufanya kazi na watu kama sisi?" mhazini aliuliza.

"Hapana," alijibu muuza matairi. Kwa ufupi, kama alivyoagizwa.

"Hamjajaribu?"

"Tumejaribu. Tukakataliwa."

"Kwa sababu gani?"

"Mdomo wangu."

Bibi akaguna. Huenda ilikuwa kicheko.

"Mimi nina moja tu," alisema, bila kuinua macho. "Leo mmekuja na moto. Mwakani je? Maana benchi hilo limekaliwa na wengi. Wakaapa, wakatushika mikono. Mvua moja haijapita, hata simu hawapokei. Ninyi mna tofauti gani?"

Hapo muuza matairi akasahau maagizo yote.

"Bibi, mimi nauza matairi. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo maneno matamu sina. Lakini mteja akipasukiwa njiani, mvua inanyesha, akanipigia, nikasema nakuja, nakuja. Nimeshakwenda na homa. Nimeshaondoka kwenye harusi yangu mwenyewe, muulizeni huyu. Sasa kama hamtutaki, tuambieni leo hii, nikamwambie mjomba afungue baa yake, mambo yaishe!"

Visu vyote vilisimama.

"Baa gani?" mhazini aliuliza.

Akawaeleza na hilo. Jengo, mjomba, kaunta, hakubakisha kitu. Mkunga alikuwa akiangalia dari.

"Tupisheni kidogo," mwenyekiti alisema.

Wakasimama nje, migongo ukutani.

"Nilikwambia jibu kwa ufupi."

"Lilirefuka kidogo."

"Kidogo! Umewaanikia ukoo mzima!" Sasa alikuwa akilia kweli, na vitunguu vilikuwa mbali. "Mama alituomba kitu kimoja tu, kaka. Kimoja!"

Muuza matairi alipapasa mfukoni. Alimpa leso, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia mjomba. Yote aliyoyapata yalikuwa matusi.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa ndani. Safari hii hawakukaa. Mwenyekiti alimtazama mhazini, mhazini akamtazama bibi. Bibi aliipangusa mikono yake polepole, kidole kwa kidole.

"Haya, tumewakubali," alisema. "Leteni hizo pesa za msaada alizoacha mama yenu, tuwapikie wagonjwa. Lakini siku mtakayokuja na mpiga picha, mtaondoka nazo."