Shuka Juu ya Gari

Hidaya ndiye aliyeliona kwanza. "Bibi, lile si shuka letu?"

Bi Mgeni alisimama katikati ya uwanja wa kituo cha yatima. Shuka la viraka, moja kati ya mashuka aliyowashonea watoto wa kituo msimu mzima wa mvua, wajukuu wake wawili wakimchagulia vipande na kugombania rangi, lilikuwa limetandikwa juu ya gari la msimamizi lisipigwe na jua.

"Watoto wangelichafua, mama," msimamizi alisema akitabasamu. "Nimelitunza."

"Nililishona ili walichafue!" Bi Mgeni alifoka. "Wako wapi?"

Hakungoja jibu. Alilivuta shuka, akaingia nalo bwenini. Kwenye kitanda cha karibu na mlango alilala mtoto mwenye homa, amejikunyata juu ya godoro tupu, amejifunika gunia. Bi Mgeni alilitupa gunia lile, akamfunika mtoto mpaka mabegani.

"Mama, ukishatoa sadaka si yako tena," msimamizi alisema akiwa mlangoni.

"Wala si yako! Mengine yako wapi?"

Macho ya msimamizi yalikimbilia nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja. Hidaya na mdogo wake Tatu waliyafuata macho hayo, wakatoka mbio.

Bi Mgeni alipochungulia dirishani, wajukuu wake walikuwa wanatoka sebuleni kwa msimamizi, wamebeba mashuka ya viraka mpaka machoni, hawaoni njia, wanacheka. Watoto wa kituo walikuwa wanawakimbilia. Msimamizi naye alianza kukimbia, kuelekea kwenye gari lake.