Niliishia Ukurasa wa Sitini

"Mke alirudi kwa mumewe!"

"Hakurudi, Beda! Nimesoma mwenyewe mpaka..."

"Labda uliruka..."

"Sijaruka hata nukta!"

Agnesi, jirani yangu hapa Kilosa, alikuwa amenishikia riwaya niliyomwazima usoni. Mwezi uliopita, akiwa amemkimbia mumewe na kwenda kwao, alinipigia simu kuuliza kile kitabu ninachokisifia kila siku kinaishaje. Nikamwambia mke aliyekimbia kipigo anarudi, mume anaokoka, wanazeeka wakitaniana.

Nilijitungia. Kurasa sitini za mwanzo ni tamu kweli, ila niliishia hapo, kama chuo nilivyoishia mwaka wa pili.

Kesho yake nikamwona Agnesi karudi kwa mumewe. Nikampungia mkono, nikicheka.

"Lakini mwisho wangu ulikuwa mzuri zaidi," nikajaribu kutania.

Hakucheka. Kitabu alikishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka pete imezama kwenye nyama.

"Pole, dada."

Akaitazama pikipiki yangu iliyokuwa mlangoni.

"Nipeleke kwa mama, Mikumi. Sasa hivi, kabla mume wangu hajatoka kazini."