Rangi Gani, Njau?

"Ni rangi gani hiyo, Njau?"

Kapteni Githae aliuliza huku akitazama mbele, kana kwamba skrini ya injini haimhusu. Ndege ndiyo kwanza ilikuwa imeyapita mawingu, na abiria sabini huko nyuma walikuwa wakingoja chai. Njau, rubani msaidizi, akaziangalia namba za joto la injini ya kulia. Zilikuwa zimepanda.

"Njano, Kapteni."

Njano ni ya kuangaliwa tu. Nyekundu ndiyo ya kupunguza nguvu mara moja. Mzee akaitupia skrini jicho, kisha akapunguza nguvu. Njau akauma mdomo. Hata baada ya kuambiwa bado anabahatisha! Huyu mzee haoni rangi.

Tangu Januari mambo yalikuwa hayo hayo. Ujumbe ukitokea kwenye skrini, Kapteni anauliza, Njau anajibu, na moyo unamsuta kwa kuficha siri inayoweza kuua watu. Lakini angemchongea vipi kwa wakubwa? Githae ndiye aliyesimama kanisani Makongeni kuongoza harambee ya karo yake ya urubani. Githae ndiye aliyempigania arudishwe kazini alipomaliza zile dawa kali za kifua kikuu. Na mzee alikuwa amebakisha miezi sita tu astaafu.

Wiki hiyo uoga wa ajali ulimshinda, akawaandikia wakubwa barua. Siku ya pili Kapteni akaitwa akapimwe macho.

Asante ya punda ni mateke, Njau alijiambia Jumamosi akitoka kwake Mugutha. Akapitia sokoni kununua ndizi mbivu, maana huendi kwa mzee mikono mitupu, sembuse mzee uliyemchongea.

Mama Shiko, mke wa Kapteni, alimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Akaziangalia zile ndizi, akamwangalia na yeye usoni.

"Ngai! Hizi tutazila wiki ijayo," akasema kwa upole, akazipeleka jikoni.

Njau akaona zawadi yake imekataliwa, na hakumlaumu.

Kapteni alikuwa sebuleni, macho yamemvimba kama mtu aliyekosa usingizi. Njau hakungoja kuonyeshwa kiti.

"Nisamehe, Kapteni. Ile barua ni mimi niliandika."

"Najua. Na ulifanya vizuri. Kaa chini."

"Wamekufuta kazi?"

Mzee akatikisa kichwa. "Macho yangu ni mazima. Lakini waliniuliza kwa nini kila mara nakuuliza rangi, na sikuweza kuendelea kuficha."

Akamshika mkono.

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha, mwanangu. Tangu zile dawa, tangu urudi Januari, nimekuuliza rangi mara ishirini na sita, na umepata tisa tu."