Baridi ya Kirkenes

Florentine aliandika kwenye kipande cha katoni: kesho Kirkenes, digrii kumi na saba chini ya zero. Hapo Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, jasho lilimtiririka mpaka kwenye viwiko.

Kirkenes iko pwani ya kaskazini kabisa ya Norwe. Shemeji yake Alphonse, mdogo wa marehemu mume wake, alisema anaishi huko, na akataka Merveille, binti pekee wa Florentine, amfuate akasome. Kesho saa nne mtu wake angemchukua msichana bandarini.

Shida ilikuwa midomo ya soko. Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walisema Alphonse hajavuka hata Bujumbura, na kwamba mabinti wanaochukuliwa hivyo hawarudi. Maneno hayo yalimtoa Florentine hamu ya kula. Akaamua kumpima Alphonse. Kila jioni Merveille alifungua simu na kumsomea utabiri wa Kirkenes wa siku inayofuata. Asubuhi mama alimpigia Alphonse, akijifanya anasalimu tu, akamuuliza baridi ya huko.

Siku kumi na tisa mfululizo, Alphonse alijibu sawasawa na katoni. Hata hivyo moyo wa Florentine haukutulia.

Asubuhi ya safari alipiga tena, huku akizunguka uani na simu sikioni.

"Shemeji, huko baridi iko namna gani leo?"

"Eh, mama Merveille! Kumi na saba chini ya zero. Mi natoka inje sasa hivi, masikio inataka kukatika. Mutoto iko tayari?"

"Iko tayari."

Florentine alikaa kitako akalia kwa furaha. Alijiona mjinga kweli, mtu mzima kukimbizwa na wambea wa samaki. Akafunga sanduku, akaita pikipiki.

Merveille alikuwa mlangoni, amevaa makoti mawili juu ya gauni, analowa jasho na kucheka peke yake. Alitaka kuiona baridi anayoiendea. Akafungua ukurasa uleule wa kila jioni, ila sasa hakutazama utabiri. Alitazama kipimo cha saa ileile.

"Mama, mbona huko mvua iko inanyesha? Banasema upepo imegeuka usiku. Iko digrii mbili, juu ya zero."

Utabiri ulikuwa umekosea, na Alphonse alikuwa amekosea pamoja nao.